Siku Mama Alipoimba Sauti ya Pili

Watu huniuliza: wewe mtoto wa Ngarenaro, samba umeitoa wapi? Kwa baba, niitoe wapi kwingine! Baba yangu alikuwa fundi redio. Wateja walileta redio zao zikiwa zimemeza kanda, na wengine hawakurudi kuzichukua. Ndivyo tulivyobaki na kanda moja ya samba ya Wabrazili na nyingine ya magitaa na ngoma za Afrika Magharibi. Baba alizipiga kutwa nzima akiunganisha nyaya, anatikisa kichwa. Jumapili alivaa joho la kwaya, Mlutheri kamili, akaimba sauti ya nne, ile nzito ya chini. Mama aliimba ya pili. Jamani, nyumba yetu ilikuwa na raha! Nikiikumbuka naumia.

Baba alipofariki, mama alirudisha joho lake mwenyewe kanisani. Hakuimba tena, si ibadani, si jikoni. Ukimwomba anakujibu, "Mwanangu, koo limekauka." Kwa hiyo nilipoanza kurekodi albamu yangu, nikichanganya midundo ya zile kanda mbili, haja yangu ilikuwa moja tu: mama aimbe, hata wimbo mmoja. Mengine yote yalikuwa mbwembwe.

Sikumwambia, maana asingekuja. Nilimwita studio, mtaa wa Daraja Mbili, aje asikilize tu. Akaja na sweta alilokuwa akilifuma. Vijana wa ngoma wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa pembeni. Tukaanza na wimbo aliotunga baba kwa ajili ya kwaya, mimi nikiwa nimeuwekea ngoma. Siku hiyo mwenzetu wa sauti ya pili alibanwa na mafua, hakufika. Tukaimba hivyo hivyo.

Sasa, mwanakwaya wa Kilutheri mnyime chakula, atanyamaza. Usimwimbie wimbo wenye pengo. Mama alivumilia ubeti wa kwanza. Wa pili akaweka sweta chini.

"Nyie watoto, sauti ya pili iko wapi? Mbona mnaimba kama meza ya miguu mitatu?"

Kabla sijajibu, akaanza mwenyewe, kwa noti badala ya maneno, kama wanavyosahihishana kwaya: so, so, la, so, fa, mi. Alidhani ni mazoezi. Fundi mitambo akanitazama, nikamkazia macho: ole wako uzime, rekodi hivyo hivyo! Sauti ya mama ilikuwa imeshika kutu kidogo, lakini ndiyo yenyewe, ile ile ya jikoni kwetu. Kufikia ubeti wa tatu alikuwa ameingia kwenye maneno, na mwili umeanza kuyumba na ngoma. Mimi nilitakiwa kuimba, nikawa nalia tu.

Tulipokaribia mwisho akakatiza, akainua mkono kama mwalimu wa kwaya. Tukanyamaza wote, ikabaki ngoma. Nikajua ndiyo basi, amechoka.

"Mama, endelea basi," nikamsihi.

"Niendelee wapi? Hapa ni pa sauti ya nne peke yake."

Sehemu hiyo ya baba mimi nilikuwa nimeiondoa, maana nani angeiimba?

"Mama..."

"Shii," akasema. "Subirini amalize."

Tukasubiri, ngoma ikipigwa taratibu. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza, anamfuatisha neno kwa neno.