Mwaka Ambao Solange Hakuoka Biskuti za Anisi

Solange Kuntzmann alikuwa mfuaji katika nyumba ya kutunzia wazee huko Alsasi, mashariki mwa Ufaransa, katika kijiji kilichobanwa kati ya mashamba ya mizabibu na mlima. Mashuka, taulo, nguo za kulalia, makoti ya wauguzi, vyote vilipita mikononi mwake vikiwa vichafu na kutoka vikiwa vimekunjwa. Akirudi nyumbani alikuta nguo nyingine zinamsubiri, za mumewe Armand na za mama mkwe wake, Ernestine, ambaye walimleta kuishi nao baada ya kuanguka bafuni kwake. Solange hakuwa mtu wa kulalamika. Akiulizwa hali husema, "Naendelea," na kweli alikuwa anaendelea, kama mtu anayepanda kilima akiwa na mzigo asioweza kuutua popote.

Ikifika Desemba, kazi iliongezeka. Katika ukoo wa Kuntzmann, biskuti za Krismasi zilikuwa kama deni la kanisa. Tangu Ernestine alipomwambia Solange, akiwa bado bibi harusi, "Sasa ni zamu yako, mwanangu," kila mwaka alioka za siagi, za mdalasini zenye umbo la nyota, za lozi, za nazi, na juu ya zote za anisi, zile mbegu ndogo zenye harufu kali na tamu, kisha akazijaza kwenye mikebe na kuzigawa kwa ndugu wote wa mumewe. Wao walikuja na mikebe mitupu na kuondoka nayo imejaa.

Za anisi ndizo zilizokuwa fahari ya ukoo. Unapiga mayai na sukari mpaka mkono ufe ganzi, unatia unga na mbegu za anisi, unadondosha matone kwenye trei, halafu unayaacha yalale hapo mpaka kesho yake yapate ngozi juu. Ukiyaoka kwa moto mdogo, biskuti inainuka na kusimama juu ya kimguu chake. Upepo ukipita, au mtu akifungua mlango ovyo, kimguu hakioti, na ukoo mzima utakuuliza mwaka huu kulikuwa na nini.

Jumamosi moja, Krismasi ikiwa inakaribia, Solange alitoka kazini na kifundo cha mkono wake wa kulia kikiwa kimevimba. Hakuvua hata sweta. Alitoa kwenye friji donge la unga wa siagi alilolikanda jana yake, akaliweka mezani, akachukua kifimbo cha kusukumia. Donge lilikuwa gumu kama tofali. Kila aliposukuma, maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko.

Ernestine alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, blanketi magotini, akimtazama.

"Nene mno," alisema.

"Bado nasukuma, Mama."

"Nene mno, nakwambia. Hizo ni biskuti au vigae vya paa?"

Solange akasukuma tena. Siku hizo akili ya Ernestine ilikuwa inakuja na kuondoka, lakini ulimi haukuwa na likizo.

Simu ikalia. Alikuwa Mireille, dada yake Armand, aliyeishi mjini Colmar, mwenye sauti ya mtu ambaye sikuzote ameshakunywa kahawa yake.

"Wifi! Uko jikoni, nasikia vyombo. Sikucheleweshi. Nilitaka kukumbusha tu, za anisi mwaka huu ongeza kidogo. Nimemwahidi jirani yangu mkebe mmoja."

"Umemwahidi?"

"Si nilimwonjesha mwaka jana! Amekuwa kama mwendawazimu. Nikamwambia, wifi yangu zile anaoka hata akiwa usingizini."

"Mireille, mkono wangu unauma."

"Pole jamani. Paka dawa ile ya kusugua. Haya, busu kwa Mama!"

Solange akarudisha simu mfukoni. Akakata biskuti za siagi, zile alizoweza, akalirudisha donge lililobaki kwenye friji, akazipaka kiini cha yai na kuzitia kwenye oveni. Halafu, kwa kuwa za anisi zilihitaji kulala mpaka kesho, na keshokutwa alikuwa na zamu, akavunja mayai kwenye bakuli kubwa, akamimina sukari, akaanza kupiga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umekataa. Mkono wa kushoto haukuijua kazi ile. Mchanganyiko uliruka ukutani, ukamrukia kwenye sweta, ukaingia hadi kwenye nywele.

Alipomaliza kutia unga na anisi, akasikia harufu. Akafungua oveni. Moshi ukampiga usoni. Biskuti za siagi zilikuwa nyeusi pembeni, na za nyuma zilikuwa nyeusi kabisa.

Hakupiga kelele. Aliiweka trei juu ya jiko, akavuta kiti, akakaa, na machozi yakaanza kutoka yenyewe, bila kwikwi, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Lina," Ernestine akamwita, kwa Kialsasi. "Lina, unalia nini?"

Lina alikuwa mdogo wake Ernestine, aliyefariki zamani, kabla Solange hajaolewa. Solange alijua kwamba katika hali kama hiyo kubishana hakusaidii.

"Nimechoka tu," akajibu, naye kwa Kialsasi.

"Ni yule bibi kizee, sivyo? Amekusumbua tena?"

"Bibi kizee gani?"

Ernestine akatazama mlangoni, kisha akainama mbele na kushusha sauti. "Mama mkwe wangu, nani mwingine? Anasimama hapo nyuma yangu kama askari. 'Ernestine, hazijaota mguu. Ernestine, kwetu hatuoki hivyo.' Za anisi ni za kwake, si zangu. Mimi harufu yake tu inanipa kichefuchefu. Naoka nimebana pumzi."

Solange akajifuta uso kwa aproni. "Huzipendi za anisi?"

"Lina! Wewe si unajua? Tangu tukiwa watoto sizipendi. Zina ladha ya dawa ya kikohozi."

"Kwa nini usiache?"

"Niache?" Bibi akacheka, kicheko chembamba cha msichana ambacho Solange hakuwahi kukisikia. "Unataka wanile mimi Krismasi? Nasubiri afe. Akifa tu, naacha."

Solange alijua kwamba yule mama mkwe alikufa, na Ernestine hakuacha. Aliendelea kwa miaka mingi, halafu akamkabidhi yeye.

"Mwaga," Ernestine akasema, akionyesha bakuli kwa kidevu. "Mwaga upesi kabla hajarudi. Nitamwambia paka ameangusha."

Solange alilitazama lile bakuli. Aliyafikiria mayai, na aliona haya kwa sababu alilelewa na mama ambaye hakutupa hata ganda la jibini. Kisha akainuka, akalibeba kwa mkono wa kushoto mpaka kwenye sinki, akalimimina. Uji ule mzito ulishuka polepole. Ikabidi ausukume kwa kijiko.

"Vizuri," Ernestine akasema. "Sasa kalale. Mimi nalinda mlango."

Akaenda. Alijilaza juu ya kitanda bila kuvua viatu, mchana kweupe.

Armand alirudi kutoka kupogoa mizabibu, akamkuta mama yake anazikwangua biskuti weusi wake na kuzila kwa furaha. Akaenda chumbani.

"Solange? Unaumwa?"

"Nimechoka."

"Na biskuti?"

"Za anisi hazipo mwaka huu. Donge la zile za siagi lililobaki liko kwenye friji."

Armand alisimama pale, kofia mkononi. Alikuwa mtu mwema ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza biskuti zinatoka wapi. "Na kesho je?"

"Kesho pia nimechoka, Armand."

Akamfunika miguu kwa koti lake na kushuka. Solange alisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, kisha sauti ya bibi, "Nene mno!", na sauti ya Armand, "Basi nionyeshe wewe, Mama." Armand hakuviona vikatio vya biskuti, kwa hiyo alikata zote kwa glasi ya mvinyo. Zikatoka duara tupu.

Siku ya Krismasi Mireille alikuja na watoto wake na mikebe mitupu. Akafunua mkebe uliokuwa mezani, akachokora kwa kidole.

"Wifi, za anisi umezificha wapi?"

"Sikuoka."

"Hukuoka? Nimwambie nini yule jirani?"

"Mwambie nimeamka usingizini."

Armand alikohoa kwenye glasi yake. Mireille akageukia upande wa mama yake kutafuta msaada. "Mama, umesikia? Krismasi bila za anisi!"

Siku hiyo akili ya Ernestine ilikuwa nyumbani. Alikuwa amechanwa nywele, amevaa bruchi, pini yake ya fedha ya kifuani. Alimtazama Solange toka juu mpaka chini.

"Wakati wangu," alisema, "hazikukosekana hata mwaka mmoja."

Maneno yalimfika Solange mpaka kwenye ulimi, yote, pamoja na ile dawa ya kikohozi. Akaitazama mikono ya yule bibi, iliyopinda vidole kama mizizi ya mzabibu, akayameza.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Hazikukosekana."

Akamwongezea kahawa.

Ernestine alifariki kabla ya Pasaka. Tangu hapo Solange anaoka za mdalasini tu, kidogo, akiwa na nafasi, na asipokuwa nayo haoki. Mireille alijaribu za anisi mwenyewe mara mbili. Zilitoka bapa kama sarafu, na alimpigia simu wifi yake kumuuliza alikosea wapi. Solange alimweleza yote kwa subira, mayai, sukari, trei, mlango. Kisha akamuaga, kwa sababu alikuwa na zamu asubuhi, na mashuka ya wazee hayajui sikukuu.