Duara la Nepi ya Moshi

Tulimzika dada yangu Regina Nakaale huko Ngaremara, kando ya mama yetu. Padri alisema marehemu alikuwa mfuaji nguo wa hospitali ya misheni hapa Isiolo tangu miaka ya sabini mwanzoni. Hakusema zaidi, kwa sababu hakujua zaidi.

Regina alifua nepi na shuka za wodi ya wazazi. Alizichemsha kwenye pipa, akazianika, kisha akafanya jambo ambalo masista walilivumilia tu. Alichoma vijiti vya ejersa, ule mti ambao akina mama wa Kiborana hufukizia vibuyu ili maziwa yasiharibike, na kuzitandaza nepi juu ya moshi. Alifundishwa na Kabale, jirani yetu wa Kiwanjani, mpishi wa hospitali hiyo hiyo.

"Wewe Mturkana ulikuja hapa hujui kufukiza hata kibuyu," Kabale alikuwa akimtania. "Sasa unafukiza mpaka nepi. Kesho utafukiza padri."

"Padri anahitaji. Umewahi kukaa karibu naye?"

Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame, watu walijaa mjini kutoka pande za Merti, na watoto wachanga wengi wakaugua vitovu. Kiwanda kimoja cha Nairobi kikaleta nepi zilizotiwa dawa ya kuua viini, zimeshonwa pindo kwa uzi mwekundu. Bwana Isacko wa maabara ndiye aliyepewa kazi ya kuzipima. Alipaka viini vya usaha kwenye sahani yenye jeli, akaweka juu yake kipande cha nepi ya dawa na kipande cha nepi ya kawaida, akaiacha kwenye joto hadi kesho yake. Dawa ikifanya kazi, viini havimei karibu nayo, na kitambaa huzungukwa na duara safi.

Sahani ilipofunguliwa, vipande vyote viwili vilikuwa na duara.

Isacko alimfuata Regina kwenye pipa lake. "Mama Akai, hizi nguo umezifanyia nini?"

"Nimefua."

"Na?"

"Nimefukiza. Nguo ya mtoto itakaaje bila moshi?"

Isacko alicheka, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza kwamba moshi umeharibu kipimo, na sasa hakuna awezaye kujua dawa yenyewe ina nguvu gani. Alimwomba aache kufukiza nepi zote mpaka kazi iishe. Dawa ikifaa, kiwanda kingeleta nepi za wodi nzima.

"Nipe neno lako."

"Nimekupa."

Dada yangu hakuwa mtu wa kutoa neno mara mbili. Moshi ukakoma. Sahani mpya zilionyesha duara kubwa kwenye nepi ya dawa tu, na Isacko akamwita aone. Kadiri Regina alivyozidi kuzifua na kuzichemsha nepi hizo, duara lilizidi kupungua, lakini bado lilikuwepo.

Siku hizo ndipo Akai, binti wa Regina, alipojifungua mtoto wa kiume hapo wodini. Tukamwita Lowoi. Alifungwa nepi ya uzi mwekundu. Kabale alikuja na vijiti vya ejersa ndani ya leso.

"Fukiza moja tu, ya mjukuu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na hii ina dawa, Kabale. Duara nimeliona kwa macho yangu."

"Duara! Mtoto anafungwa duara?"

Kitovu kilivimba, mtoto akashikwa na homa, akakataa ziwa. Tulisali rozari mchana kutwa kando ya kitanda. Sista alimbatiza kwa maji ya kikombe, na Lowoi akafa mikononi mwa nyanya yake. Isacko alikata kipande cha nepi ile na kukipima. Hakukuwa na duara; viini vilikuwa vimemea hadi kwenye uzi mwekundu.

Nepi zilirudishwa kiwandani. Regina akarudia moshi wake, na hakuna aliyemkataza. Lakini miaka yote iliyofuata, kila alipokutana na Isacko, hata mlangoni mwa kanisa, alimuuliza jambo moja.

"Sahani ile ya kwanza. Duara la nepi ya kawaida, ile niliyofukiza. Lilikuwa kubwa?"

"Sikumbuki, Mama Akai. Na sahani si mtoto."

Asubuhi ya mazishi Isacko alinikuta uani, akavua kofia.

"Lilikuwa kubwa," alisema. "Kila alipouliza, nilikumbuka."

Sikujua nimshukuru au nimfukuze. Ndani ya nyumba Kabale alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu cha ejersa, akigeuzageuza shuka ya kumfungia dada yangu, na Akai alikuwa ameshika ncha ya pili. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni. Nikamwambia Isacko maneno yale asiyarudie tena, hasa mbele ya Akai.