Bima ya Marehemu Mama na Jina la Mwanawe

Aliyenipigia simu kunijulisha kwamba jirani yangu wa Bigwa, mwalimu wa sekondari, ametutoka, alikuwa dada yake mkubwa. Nilihuzunika, hata hivyo, katikati ya huzuni nilijikuta nikishusha pumzi. Upo wakati ambapo dada huyo asingekubali hata kulitamka jina la mdogo wake, na kama kifo kingewahi kufika wakati ule, msiba wake ungekuwa na nafasi moja tupu ambayo hakuna mwombolezaji angeweza kuijaza.

Mwalimu alikuwa amemkatia mama yake bima ya mazishi, ikilipwa kwa makato ya mshahara. Mama alipofariki, kampuni ililipa gharama za maziko bila usumbufu. Kisha, kwa kosa lao, makato yakaendelea. Siku moja dada aliazima simu ya mdogo wake, akakuta ujumbe wa kampuni wa kumshukuru kwa malipo ya mwezi ya bima ya mama. Akahitimisha kwamba zipo fedha nyingine za mama zinazomjia mdogo wake kwa siri. Mwalimu alipojaribu kujieleza, alijibiwa, “Lisemwalo lipo. Mama yuko kaburini, wewe bado unamvuna!” Kwa Waluguru, ukoo huhesabiwa kwa mama. Anayeshukiwa kula cha mama yake amekatwa kwenye shina, si kwenye tawi.

“Nisindikize mjini, ofisi ya bima,” Mwalimu aliniomba. “Nikianza kugomba, univute shati.” Binti wa kaunta alimwamkia kwa heshima, akatazama kompyuta yake, kisha akasema kwamba mwanachama bado anaonekana yupo, na ili aondolewe ni lazima afike mwenyewe.

“Binti yangu,” Mwalimu akamjibu kwa upole, “mama yangu yuko Bigwa, kwenye migomba, na jeneza mlilinunua ninyi. Mkifanikiwa kumwita, nami mniite nije nimwamkie.”

Watu waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Binti alijiziba mdomo kwa kiganja, akasema, “Nisamehe, mwalimu,” na tangu siku hiyo akawa wakili wake ndani ya ofisi ile.

Haikuwa safari moja. Wenzake shuleni walimshauri aachane nao. Vihela vyenyewe ni vidogo. Nimeufikiria sana ushauri huo, kwa kuwa ndio ustaarabu wetu mbele ya ofisi: tunaona haya kudai kilicho chetu, tukamwachia Mungu kazi ambayo karani angeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Mwalimu aliwajibu, “Vihela wabaki navyo hata leo. Mimi nataka dada yangu aitikie salamu yangu.”

Kampuni ilipokiri kosa na kukubali kurejesha fedha, aliomba jambo moja: maelezo yatolewe mbele ya dada. Ilibidi mjomba wao atumwe milimani, alikoishi dada, kumbembeleza. Dada alishuka akiwa amenuna, akaketi pale ofisini mbali na mdogo wake, akamsikiliza binti wa kaunta hadi mwisho.

“Kwa hiyo huyu hakula?”

“Hakula, mama. Sisi ndio tuliokuwa tukimla yeye.”

Dada akainuka. Akamkung’uta mdogo wake vumbi begani, akamwambia, “Twende ukanywe chai. Umekonda.”

Juzi, kwenye maziko ya Mwalimu, dada huyo ndiye aliyekuwa akitoa amri zote, akigombana na wachimba kaburi na kuwafokea wapishi, kama inavyompasa mkubwa wa nyumba. Nilimtazama nikafarijika. Kosa linaloanzia kwenye mashine ya ofisi halibaki ofisini. Linakuja nyumbani na kuketi kati ya ndugu. Ndiyo maana nasema tusione haya kulifuata mpaka lilikotoka. Fedha zetu, warithi wanaweza kuzidai baada yetu. Jina, mtu hulidai mwenyewe, angali hai.