Siku Kaseti ya Baba Ilipokatika

Kabla ya wimbo wa kwanza, kaseti ile ilikuwa na sauti yake yenyewe: shhhh, kama mafuta ya mawese yanayosubiri kitunguu. Nyimbo za siku hizi za kwenye simu zinaanza ghafla tu, hazivuti hata pumzi. Lakini juzi, saluni ninakosuka, mteja mmoja aliwasha redio ikakosa stesheni, nikasikia ile shhhh. Vidole vyangu vikasimama katikati ya nywele za watu. Nikawa tena na miaka tisa, uani kwetu, mtaa wa Cibitoke, nikimngoja yule Mmarekani wa kwenye kaseti aanze kuimba.

Ilikuwa kaseti ya nyimbo zake zilizopendwa kuliko zote, sita upande huu, sita upande ule. Baba ndiye aliyetufundisha kwamba muziki huo unaitwa soul, maana yake roho, na kwamba hauimbwi kwa koo. Unaimbwa kwa hapa, alisema, akigonga kifua kana kwamba anabisha hodi. Alikuwa mpishi kwenye villa moja kule Kiriri, mlimani kwa matajiri, na Wazungu wake walipokimbia vita walimwachia sufuria mbili, koti, na kaseti hiyo. Mimi niliimba zote kumi na mbili kwa Kiingereza cha kujitungia, mwiko mkononi, nikiota kwamba siku moja uso wangu nao utawekwa kwenye karatasi ya kaseti, macho nimefumba, jasho likinitiririka kama yeye.

Asubuhi moja baba alipanda Kiriri kuiangalia ile nyumba tupu. Barabara zikafungwa, risasi zikalia mpaka jioni, na baba hakurudi. Mama alimtafuta hospitalini, alimtafuta gerezani, alimtafuta hata kule ambako hatukuruhusiwa kumfuata. Hakumwona, si mzima wala maiti.

Hapo ndipo alipoanza kuipiga kaseti kila alasiri, sauti juu, pande zote mbili. Kwetu nyumba yenye kilio haipigi muziki; hata majirani huzima redio zao. Basi, nyumba yenye muziki haina kilio. Mama aliuambia mtaa mzima hivyo bila kufungua mdomo. Wako walionong'ona kwamba akili zimemruka. Aliyethubutu kumuuliza alijibiwa, "Mi siwezi kulia mutu sijazika."

Na mimi? Niseme ukweli, nilifurahi. Nilidhani mama ameupenda muziki kama ninavyoupenda. Betri, sisi tukiziita mawe ya redio, zilipochoka nilizianika juani zipate nguvu kidogo. Na ili tusizimalize, nilikuwa nairudisha kaseti nyuma kwa kalamu, nikiizungusha hewani. Siku hiyo niliizungusha kwa mbwembwe, huku nikiimba, ikasema ta! Utepe ukaning'inia kama utumbo wa kuku.

Mama alirudi sokoni akanikuta nao mkononi. Hakunipiga. Alikaa kizingitini, akaukusanya utepe kiganjani. "Peleka kwa fundi," akasema. Fundi alikuwa na redio za watu zimejaa mpaka mlangoni, akaniambia nirudi Jumamosi.

Alasiri ya kwanza uani palikuwa kimya hata nikasikia kuku wakiparura. Ya pili vilevile. Ya tatu, mlango wa ua ukasukumwa akaingia Mama Zuhura, mke wa Mwarabu mwenye duka tuliyepakana naye ukuta, mkeka kwapani. Nyuma yake wanawake wanne, mmoja na kuni kichwani, mwingine na sukari kwenye karatasi. Wakavua viatu.

"Pole, dada yangu," Mama Zuhura akasema. "Tumesikia kimya. Siku tatu! Tukasema, basi, habari imefika."

Nilielewa kabla ya mtu yeyote. Niliruka kutoka jikoni. "Apana! Si baba! Ni ka—"

Mama akanidaka, akaniziba mdomo. Kiganja chake kilinuka samaki wa Ruziba aliokuwa akiwauza. "Nyamaza, mwanangu."

"Wacha mutoto aseme," akasema yule wa kuni.

"We, tua kuni zako," Mama Zuhura akamjibu. Kisha akamgeukia mama, taratibu. "Habari imefika, dada?"

Mama akatazama redio. Akatazama mkeka.

"Imefika," akasema.

Sauti iliyomtoka baada ya hapo sitaieleza. Walimkalisha kwenye mkeka wakamshika huku na huku, na redio zote za jirani, moja baada ya nyingine, zikazimwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua baba, kwa kalamu. Nilipoona nimekuwa mkubwa wa kutosha nilimuuliza mama kwa nini siku ile hakuwaambia wenzake ukweli. Alikuwa anachambua maharage. "Ningeanza kulia namna gani, peke yangu?" akasema, akaendelea kutupa mawe madogo pembeni.

Ndugu zangu, ningewaambia wale wanawake neno moja tu, kaseti, wangekunja mkeka wakarudi makwao wakicheka. Na mama angebaki na alasiri zake, akimngoja baba peke yake, mwaka hadi mwaka. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Namshukuru Mungu kwamba mkono wa mama ulikuwa karibu.