Gauni la Idi na Kitako cha Bunduki

Mimi si mtu wa kushangazwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini malori mawili yanayoshusha karoti na kabichi kutoka Lushoto mpaka Dar ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono. Nimeona mengi. Ila nikinusa solusheni, ile gundi ya kuzibia tyubu, utajiri wote unanitoka. Narudi kuwa mtoto wa kijiji cha Mgwashi, nimechuchumaa uani na makamasi yangu, namtazama Baba akiharibu bunduki.

Ilikuwa shotgani ya mtutu mmoja, na ndiyo iliyolinda mahindi yetu kando ya msitu. Nyani wa kwetu wana dharau, ndugu zangu. Mwanamke apige debe mpaka mkono ufe ganzi, wao wanamtazama tu huku wanamenya hindi. Bila Baba na bunduki yake kule juu, tungekula ukungu. Na mwaka ule Baba alikuwa anakohoa.

Raba ya kitako, ile inayopokea teke bunduki isikuvunje bega, ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mkulima. Baba akaamua kuibadilisha. Lakini kwanza alimwita Mama, akachana kamba ya mgomba, akamwambia akunje mkono, akampima kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha shahada. Mama anacheka, unga mikononi. Mimi nikajua maana yake: Idi iko karibu, na anayepimwa mkono anashonewa gauni! Nikatoka mbio kutangaza kwa majirani.

Niliporudi, Baba alikuwa na msumeno. Alikata kitako upana wa vidole kama vitatu, vumbi la mbao likamwangukia miguuni, kisha akabandika vipande vya tyubu kimoja juu ya kingine, solusheni ikanuka ua mzima.

Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akasimama.

"Mgosi, hiyo ni bunduki au muhogo?"

"Muhogo," Baba akajibu bila kuinua kichwa. "Subiri uive."

Idi ikafika. Mama akavaa gauni lake lile lile la kijani. Wenzangu wakanicheka mpaka basi: "La mama yako linashonwa na nyani, eti?" Tangu siku ile nilimhesabu Baba kuwa bahili, tena bahili asiyejua useremala.

Alifariki mahindi yakiwa bado mabichi. Mama alihangaikia kibali, akakipata, akapanda shambani na bunduki. Nyani wakaja na dharau yao. Mlio ulizunguka bonde zima, nikausikia nikiwa shuleni. Dume lao likabaki pale pale, wengine hawakurudi msimu ule. Tulivuna, tukala. Mimi nilidhani bunduki ameirithi tu, kama alivyorithi jembe.

Sasa bunduki ni yangu, kwa kibali. Juzi raba ya Baba ilikuwa imeanza kubanduka pembeni, nikaagiza ya kiwandani kutoka Dar, maana vitu rahisi mimi siviwezi. Nikakaa uani, nikahakikisha haina risasi, nikaing'oa ile ya tyubu. Mama alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage.

"Mama, mzee naye alikuwa fundi wa ajabu," nikasema. "Bunduki fupi hivi! Aliikata bure."

"Lete."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaiweka begani. Mkono umekonda, ngozi inaning'inia, lakini kidole kilifika kwenye kifyatulio bila kutafuta.

"Miaka yote unalidai gauni langu," akasema kwa Kishambaa. "Hili hapa."

Nikaiokota ile raba ya tyubu. "Kumbe alijua hafiki mavuno?"

"Angekosaje kujua? Damu alikuwa anaitemea kwenye majivu. Mwenye kuyazoa ni mimi." Akarudi kwenye maharage yake.

Raba ya kiwandani iko kabatini, kwenye nailoni yake. Ile ya tyubu nimeirudisha mahali pake. Solusheni, dukani hapo chini: shilingi elfu moja mia tano.