Mlango wa Kwenda Bandani

Sikulazimishi uniamini. Haya ningesimuliwa na mtu mwingine, ningemwambia apunguze kunywa mbege. Lakini yamenikuta mimi, jioni, jua halijazama vizuri, na akili zangu timamu.

Nilihama mtaa wa Soweto pale mjini, nikarudi kijijini Masama kumtunza baba. Mama simjui. Alifariki nikiwa bado nanyonya, akazikwa nyuma ya nyumba, mle mle kihambani, shamba letu la nyumbani, kwenye migomba. Nilichonacho ni picha moja sebuleni: binti mdogo tu, anacheka, mwanya wote nje. Mwanya huo nami ninao. Hivi mtu anaweza kumlilia mama ambaye hata sauti yake haijui? Anaweza, mwenzangu. Usiombe.

Basi nikanunua ng'ombe wa maziwa. Banda la zamani lipo nyuma, ila kutoka jikoni lazima uzunguke nyumba nzima, na matope ya huku unayajua. Ukuta wa jikoni ulikuwa na sehemu iliyozibwa kwa matofali, unaona kabisa palikuwa na mlango. Nikaita fundi kutoka Majengo aufungue. Baba aliposikia tindo akasema tu, "Huo niliuziba mwenyewe."

"Baba, nitateleza na ndoo mpaka lini?"

Akarudi kwenye kiti chake.

Jioni ile fundi ameshaondoka, fremu imesimama, mlango wenyewe bado. Ng'ombe akalia. Mara nikasikia, "Hodi hapo!"

Amesimama dada mmoja, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani umemfunika mpaka macho. Sisi wanawake wa huku tunaijua safari hiyo: unashuka tambarare kukata majani, unapanda nayo mlima shingo inakuuma. Akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu, pole na mzigo." Nikampokea. Alipojinyoosha akacheka, nikauona mwanya.

Picha ya sebuleni ilikuwa imesimama mlangoni kwangu, inahema.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto wangu amelala?"

Ungejibu nini? Hebu niambie. Nilitaka kusema, mtoto ni mimi, nitazame, nina mvi. Nikasema, "Amelala." Kisha nikamsihi, "Ingia, chai ipo tayari. Keti kidogo tu."

"Siwezi, mama. Majani ya kesho bado." Akageuka, akaingia migombani.

Nilipomwambia baba, hakushtuka. Alilia. "Baada ya kumzika, alikuwa akija hivyo kila jioni. Nikamwambia apumzike, hasikii. Ng'ombe nikamuuza, mlango nikauziba. Watu wakasema namwogopa mke wangu! Mimi niliihurumia shingo yake."

Ilinipasa kuziba kesho yake. Haki ya Mungu, sikuziba. Nilimngoja jioni iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kila mara shikamoo, kila mara mtoto amelala, kila mara chai inapoa mezani. Sikuchoka kumwona. Aliyekuwa anachoka ni yeye. Jioni ya mwisho alijishikiza kwenye fremu, ngata imemteleza usoni, hata pumzi hana, na bado anauliza, "Yatatosha haya?"

Uchoyo ukanitoka. Nikasema, "Yanatosha, mama. Na mtoto amekua. Nenda ukalale." Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwita mtu mama nikiwa namaanisha.

Akaniangalia sana. "Kumbe na wewe una mwanya," akasema. Akanigusa shavu kwa mkono unaonuka majani mabichi, akaondoka bila kutaja majani ya kesho.

Ng'ombe nilimpeleka kwa shangazi. Mpaka leo naandaa vikombe vitatu vya chai, na baba haniulizi.

Sasa wewe unayekarabati nyumba ya kwenu, nisikilize. Ukikuta mlango umezibwa, muulize aliyeuziba kabla hujaita fundi. Kuufungua ni kazi ya asubuhi moja. Kuuziba tena, ukishamwona anayepita pale, ndiyo shughuli. Siku fundi aliporudi kuuziba, alipobakiza tofali moja nilimwambia asubiri kwanza. Nikaweka jicho kwenye lile tundu, nikachungulia migombani mpaka giza likaingia.

Hakuja. Nikamwambia fundi aliweke.