Asubuhi Baada ya Redio

Vijana wakiniuliza nilianzaje uigizaji, hukumbuka saluni moja ya Greyville. Mchana nilikuwa kinyozi pale, jioni nikienda mazoezini. Nilipopata nafasi yangu ya kwanza kubwa jukwaani, redio ilinihoji, nami nikasema wazi kwamba napenda wanaume.

Kesho yake nilipoingia saluni, wateja waligeuka kunitazama. Mwenye saluni, mama wa Bukavu aliyekuwa shemasi kanisani kwetu, aliweka mkasi chini, akanijia. Nilijua atanifukuza.

“Kaa hapa kwa kiti,” akasema. “Leo uko na mchezo, na kichwa yako iko namna hii?”

Akaninyoa mwenyewe, akinishika kidevu nisitikisike, huku akiwahimiza wateja waje kuniona jukwaani jioni ile. Wengine walikuja kweli, na yeye alikaa mstari wa mbele.

Sasa ninaongoza kundi la maigizo la vijana, na baadhi yao wamefukuzwa makwao kwa kuwa kama mimi. Saluni ilishafungwa, na yule mama anaishi Queensburgh na binti yake. Nikimtembelea, kabla sijaketi huniuliza, “Watoto yako wanaendelea aje?”

Huwa namweleza habari za mmoja mmoja.